Mgeni Asiyeomba Maji

Katika mji ambao maji hununuliwa kwa dumu, mtu anayemwagilia mmea ndani ya nyumba anadaiwa maelezo. Sisi wa Tunduma tumehangaika na maji kwa miaka mingi, na dumu la lita 20 huwa limekwisha kugawanywa kichwani kabla halijafika mlangoni: haya ya kupikia, haya ya kuoga wageni, haya ya kufulia mashuka. Hata maji ya vyombo yana kazi yake, nayo huishia kwenye migomba nyuma ya nyumba. Kwa hiyo jirani akikukuta umeshika kikombe unakinywesha kitu kilichomo ndani ya ndoo sebuleni, ana haki ya kusimama na kuuliza.

Nami huulizwa mara kwa mara. Unaliwa? Hauliwi. Unatibu nini? Mimi sijautumia kutibu chochote. Basi unauzwa? Hapo ndipo ninapojibu kwamba siwezi kuuuza, kwa sababu si wangu. Ni amana. Nimeona niandike habari zake, maana katika kuutunza mmea huo nimejifunza mambo mawili ambayo nilidhani nayajua tangu zamani: namna ya kutunza, na namna ya kutunzia.

Wataalamu huuita Zamioculcas zamiifolia, jina linalotaka ulimi uliopumzika. Wauza maua wa ng'ambo huuita Johari ya Zanzibar, nami nimelichukua hilo kwa kuwa lina heshima. Ua lake si la kutajwa: ni dogo, hutoka chini kabisa karibu na udongo mfano wa ua la gimbi, na asiyeinama hataliona. Uzuri wake wote uko katika majani. Kitu kinene chini, chembamba juu, huchomoza ardhini, na kila mtu hukiita shina. Kumbe si shina, bali ni kikonyo cha jani moja, na vile vijani vilivyopangwa jozi kwa jozi ubavuni mwake ni vipande vya jani hilohilo. Shina la kweli limelala chini ya udongo, ni tunguu nene mfano wa kiazi. Vijani ni vinene, vya kijani iliyokolea, na vinang'aa kana kwamba vimepakwa mafuta. Wageni wangu wengi huvigusa kwa kidole kuhakikisha si plastiki.

Wanaoujua husema ni mmea nadra. Lakini nadra, msomaji wangu, ni neno la mahali. Hapa Tunduma, juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, haumei wenyewe, na mimi nilikuwa sijawahi kuuona. Kwao ni upande wa mashariki wa Afrika, kuanzia Kenya, kupita Tanzania Bara na Zanzibar, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, mpaka KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini. Hukaa katika vivuli vya misitu mikavu na kati ya miamba. Mkata kuni wa huko huenda ameukanyaga mara nyingi asiuangalie mara mbili.

Safari yake ya kwenda kuwa johari ilikuwa ndefu. Mwaka 1829 bustani ya kina Loddiges, wauza mimea wa London, iliutangaza kwa picha na jina, ikidhani ni wa jamii ya Caladium. Mwaka 1905 Mjerumani Adolf Engler aliupa jina ulilo nalo leo. Jina hilo nusu lake laweza kueleweka hata kwetu: Zamia ni mmea mwingine wenye majani ya kufanana nao, na culcas inatokana na neno la Kiarabu linalomaanisha gimbi. Naam, johari hii ni ukoo mmoja na magimbi tunayochemsha kwa chai. Kwa zaidi ya miaka 150 uliishi katika bustani za wasomi tu. Kisha katika miaka ya 1990 wakulima wa maua wa Uholanzi wakauzalisha kwa wingi na kuusambaza, na sasa unapamba mabenki, ofisi na viwanja vya ndege duniani kote. Ndipo uliporudi Dar es Salaam, umekaa katika chungu kizuri, una bei. Ulitoka kwetu bila kuagwa, ukarudi kama mgeni.

Siku hizi kuna hata wa majani meusi. Vijani vyake huzaliwa vya kijani na kugeuka karibu rangi ya mkaa. Aina hiyo ilipatikana Korea Kusini, na huko Marekani ina hataza, yaani mtu haruhusiwi kuuzalisha bila idhini ya mwenye haki hiyo. Nilipoyajua hayo nilitikisa kichwa. Rangi ya jani ina hati, na huu niliotunziwa mimi ulikosa karatasi moja tu ya kuvukia mpaka.

Uliwasili kwangu mwezi Mei 2020, wakati wa korona. Tarehe 11 ya mwezi huo Zambia ilifunga kwa muda mpaka wa Nakonde, na foleni ya malori ambayo tumeizoea hata siku za heri ikarefuka kupita kiasi. Kituo cha pamoja cha forodha kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja kabla, 2019, ili kupunguza kungoja, lakini ugonjwa haukujua habari za kituo. Madereva walilala chini ya magari yao. Waliokuwa na chochote walitafuta vyumba.

Miongoni mwao alikuwa kijana mmoja aliyekuwa akipeleka mzigo upande wa Zambia. Ndani ya gari, pale kwenye kiti cha msaidizi, alikuwa amefunga mkanda chungu chenye majani matano, kama mtu anavyomfunga mtoto. Aliununua Dar es Salaam kando ya barabara, ampelekee dada yake aliyeolewa Kitwe. Wenzake kwenye foleni wakamwambia kwamba mmea wenye udongo hauvuki mpaka bila cheti cha afya ya mimea. Sheria hiyo ni ya haki, maana udongo hubeba wadudu na magonjwa ambayo hayapigi hodi. Lakini cheti hakuwa nacho.

"Shikamoo mama. Nina amana yangu ndogo."

"Marahaba mwanangu. Amana haina udogo. Ilete niione."

Aliuweka juu ya meza, akaufuta vumbi kwa mkono wa shati. Kisha akanipa wosia aliopewa na muuzaji: "Usiuhurumie mama. Huu hufa kwa huruma."

Wosia huo ulinisumbua. Mimi nimelea watoto, kuku na migomba, na katika vyote hivyo huruma ndiyo mbolea. Jirani yangu alipousikia aliukataa palepale. Alisema ndugu wa gimbi lazima anywe maji, kwani nani asiyejua kwamba gimbi hukaa bondeni miguu ikiwa kwenye tope? Nilimwambia kwamba watu wa tumbo moja hawafanani tabia, na kwamba mwenye mali ndiye aliyetoa agizo. Nikaufuata wosia. Baadaye nilikuja kuelewa maana yake.

Tunguu ile iliyolala chini ya udongo ni tangi. Vikonyo ni matangi, na vijani ni matangi pia. Karibu uzito wote wa jani lake ni maji. Ukiuongezea mengine wakati matangi yamejaa, yanayobaki kwenye udongo huozesha tunguu kimyakimya, na juu huoni kitu mpaka siku vijani vinapoanza kuwa njano. Mtu mwenye huruma akiona unjano huo hudhani ni kiu, huongeza maji, na huo ndio mwisho.

Kuna siri nyingine ambayo wanasayansi waliieleza mwaka 2007. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ukaa, na kwa vitundu hivyohivyo hupoteza maji kwa joto la jua. Johari ukikaukiwa hubadili zamu: hufungua usiku kukiwa na ubaridi, huvuta hewa na kuihifadhi, na mchana hufunga milango na kufanya kazi ndani. Wachunguzi hao walisema katika ukoo wote wa magimbi hakuna mwingine uliokuwa umepatikana na tabia hiyo. Nilipoelezwa haya niliwakumbuka kina mama wa mtaa wetu wanaoamka saa nane za usiku kukinga maji wakati bomba linapotoa. Mmea huu ungetuelewa vizuri.

Kwa manufaa ya msomaji anayeutunza katika nyanda zetu hizi, nitasema ninavyofanya. Udongo wake si wa bustani mtupu. Nachanganya udongo wa juu, mchanga mkubwa wa mtoni, na mkaa uliopondwa vipande vidogo, pamoja na pumba kidogo ya mpunga, maji yapite yasikae. Ndoo lazima iwe na matundu chini. Wakati wa masika yetu, Novemba hadi Aprili, naupa kikombe cha chai kimoja kila wiki mbili, na kabla ya kumimina nazamisha kidole. Kama kidole kinarudi na unyevu, kikombe kinarudi jikoni. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huku hukata mifupa, na mmea huu wa nchi za joto hupata shida. Hapo nauondoa juu ya sakafu ya saruji, nauweka juu ya ubao, mbali na mlango, na maji naweza nisiupe kabisa kwa miezi hiyo yote.

Mwanga nao una hesabu yake. Mwezi Juni jua letu hupita upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini, kwa hiyo nauhamisha dirisha mara mbili kwa mwaka, uone nuru bila kuchomwa. Mara moja kwa wiki naufuta kwa kitambaa chenye unyevu, maana vumbi la malori halichagui, na jani lililofunikwa vumbi halioni mwanga. Utomvu wake una chembe kali kama sindano, zilezile zinazowasha mtu anapomenya gimbi bichi, hivyo watoto wadogo nawaweka mbali, na mikono nanawa.

Hiyo ndiyo kazi yote. Tazama jinsi ilivyo ndogo, na jinsi ilivyo ngumu. Kazi kubwa ni kuupita kila asubuhi, kuutazama, na kuuacha. Sisi tuliolelewa kuamini kwamba upendo ni kutoa, huona aibu kukaa mikono mitupu mbele ya kitu tunachokipenda. Nimewaona wazazi waliomwagilia watoto wao waliokwisha kuota mizizi, pesa juu ya pesa, ushauri juu ya ushauri, mpaka wakaoza. Nimewaona pia walioacha kabisa, wakaita huko ni kumfundisha mtoto maisha. Mmea huu haufuati hata mmoja wa hao. Unataka mtu awepo kila siku na asiuguse.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Johari umepewa jembe gani? Jibu langu ni kwamba majani yamekuwa na kazi kwetu tangu kale, ila tumesahau. Wachaga wana isale, mmea wa majani tu, unaopandwa mipakani, na jani lake hubebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Halizai tunda, lakini ugomvi uliomshinda mwenyekiti wa kijiji waweza kumalizwa na jani hilo. Johari hapa kwangu unafanya kazi ya namna hiyo. Dereva aliyekaa foleni siku nne, mwenye hasira na dunia nzima, huketi mbele yake, hukishika kijani, huuliza ni nini, na mara tunazungumza habari za kwao.

Kijana wangu alirudi mwishoni mwa mwaka ule wa 2020, akapita tena 2021. Kila alipopita aliuangalia mmea kama mzazi aliyetembelea shule ya bweni. Cheti hakikuwahi kupatikana, kwa sababu safari zake zilikuwa za ghafla. Mara ya mwisho alicheka, akasema, "Mama, kwako umenenepa kunizidi mimi. Niwekee bado." Tangu 2022 hajapita. Simu yake haipatikani. Mmoja wa wenzake aliniambia amehamia njia ya Rwanda; mwingine aliniambia anaumwa. Sina la kuongeza.

Lakini mmea hausubiri habari. Majani matano yakawa ishirini na matatu. Tunguu zikajaa hata ndoo ikavimba ubavuni. Ikabidi niugawe, na katika kuhamisha vijani kadhaa vikadondoka. Basi hapo nikaona jambo la ajabu: kijani kimoja, kikichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, hufanya kijitunguu mfano wa punje ya njegere, na baada ya muda, huku kwetu kwenye baridi yaweza kukaribia mwaka, hutoa jani lake lenyewe. Siku hizi nina ndoo na makopo kumi na moja.

Ndipo likaja swali ambalo sikulitarajia: watoto wa amana ni wa nani? Mfanyabiashara mmoja anayefungua ofisi karibu na forodha alikuja na pesa mkononi. Alitaka ule mkubwa na minne midogo. Kiasi alichotaja kingeniwezesha kuongeza tangi la maji la lita 1,000 juu ya lile nililonalo, na kwa nyumba ya wageni katika mji huu, tangi ni tofauti kati ya chumba kilicholaliwa na chumba kitupu. Majirani walinihimiza. Miaka imepita, walisema, aliyeacha amesahau; na hata kama ule mkubwa ni wake, midogo umeizaa wewe kwa mchanga wako na maji yako.

Nilikwenda kwa mzee mmoja mfugaji ninayemheshimu. Alinisikiliza, akaniambia desturi aliyolelewa nayo: ukitunziwa ng'ombe, maziwa unakunywa, ndama ni wa mwenye ng'ombe, akipenda kukupa mmoja, atakupa kwa mkono wake. Nilirudi nyumbani nikijiuliza maziwa ya mmea ni nini. Nikaona ni kule kuutazama. Hayo nimeyanywa kila asubuhi kwa miaka yote hii, wala sijapunjwa.

Kwa hiyo sikuuza. Yule bwana nilimwazima mmoja mdogo, nikamweleza masharti, akakubali huku akinishangaa. Tangi bado ni lilelile moja, na kiangazi tunabana. Sisemi kwamba hilo si kitu, maana mgeni aliyekosa maji ya kuoga saa kumi na moja alfajiri hafarijiwi na habari za amana.

Lakini nafikiri hivi. Mji wa mpakani huishi kwa vitu vilivyoachwa. Kila siku hapa mtu humwachia mtu begi, simu, pesa za mzigo, funguo, hata mtoto, akavuka kwenda Nakonde akiamini kwamba akirudi atakuta. Aghalabu hawaandikishani. Wengi hatujui hata majina kamili ya tuliowaachia. Mkataba wetu ni mmoja tu, kwamba kilichoachwa kitakutwa. Siku tutakapoanza kuhesabu miaka na kusema sasa imetosha, amesahau, hakuna atakayemwachia mwenziwe hata mwavuli. Na mimi sijui ni mwaka wa ngapi ambao amana hugeuka kuwa mali. Mzee wangu naye hakunitajia.

Nina daftari la shule ambamo nimeandika kila chombo: lini nilikichomeka, kimetoka jani gani, kipo kwangu au nimemwazima nani. Binti yangu amekwisha kuonyeshwa. Nimemfundisha kidole kwenye udongo, ubao wakati wa baridi, na dirisha la Juni na la Desemba. Nimemwambia pia jina la kijana huyo, na gari alilokuwa akiendesha. Kama nitaitwa mimi kabla yeye hajapita, daftari liko kabatini, chini ya mashuka.